Andazi lenye pilipili

Krismasi iliyopita, nyumbani kwetu Kabeza, mama mkwe wangu, aliyekulia Bukoba, alitufundisha kujaza maandazi: mengine karanga, mengine ndizi, na moja tu pilipili. Baada ya kuyakaanga tukayachanganya.

Binti yangu wa miaka saba alitaka kulijua lenye pilipili kabla ya kuuma. Akayanusa, akayatikisa karibu na sikio, akayapima kwenye mizani ya jikoni. Hakuona tofauti.

"Bibi, wewe unalijua?"

"Silijui, mjukuu wangu."

Bibi akauma lake, macho yakamtoka, akaanza kukohoa huku akicheka. Mimi nilikimbilia maji. Binti yangu alimsogelea.

"Inawasha wapi kwanza, bibi?"

Bibi akampa kipande kilichobaki. Akakilamba kidogo, akaruka, kisha akalamba tena.