Kila Jino la Chiriku

Mwanangu aliingia kwa daktari wa meno akiimba.

Siku ya pili yake akakataa kumeza mate yake mwenyewe.

Najua inasikika kama natia chumvi. Hata mimi ningesimuliwa na mtu ningemwambia aache kunipotezea muda. Ila haya yametokea nyumbani kwangu, na mpaka naandika hapa hayajaisha.

Mimi ni fundi wa friji. Nina kibanda pembeni mwa barabara, kimejaa mafriji yaliyokufa na yanayokaribia kufa. Mke wangu anafundisha watoto wa chekechea. Tuna mtoto mmoja tu, wa kike. Nyumbani tunamwita Chiriku, maana tangu ajue kusema hajanyamaza. Anaongea akila, anaongea akioga, na akilala anamalizia mazungumzo ndotoni.

Siku hiyo shavu lilikuwa limevimba kama ameficha ndimu ndani. Jino la nyuma, la utotoni, lilikuwa limeoza likatunga usaha. Daktari wa meno ni mama mmoja mcheshi, vidole vyepesi. Akamwambia, "Wewe imba. Ukimaliza wimbo na mimi nitakuwa nimemaliza."

Kweli bwana. Wimbo ukaisha, jino likawa kwenye kisahani.

Chiriku akatoka na pamba mdomoni, bado anaongea. Hakuna aliyemwelewa hata neno. Tulicheka njia nzima.

Kesho yake narudi kazini namkuta amekaa sakafuni, kikombe mkononi. Anatema mate. Anatulia. Anatema tena.

"Chiriku, mchezo gani huo?"

"Nikimeza nitakufa."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Baba, sema sitakufa."

"Hutakufa."

"Sema tena."

"Hutakufa, mama."

"Hujasema vizuri! Sema tena!"

Nikasema tena. Nikasema mpaka sauti ikanikauka, na kila nikisema alikuwa anasikia kosa ambalo mimi sikulisikia. Mke wangu alisimama mlangoni na mkoba wake wa kazini begani. Alisahau hata kuuweka chini.

Tukadhani ni homa ya jino. Tukampa dawa ya maumivu.

Wiki ilipoisha alikuwa hali chochote isipokuwa maji, tena kwa kubembelezwa. Macho yanapepesa yenyewe. Chooni anakwenda, anatoka, anarudi. Mama yake akitoka chumbani anapiga kelele kama anachinjwa. Mwalimu wake akatuita, akatuonyesha mwandiko. Mtoto aliyekuwa anaandika vizuri kuliko mimi, sasa anachora mistari kama ndiyo kwanza ameshika penseli.

Dada yangu akaja kutuona. Alikaa kidogo, akaangalia, akatoa hukumu.

"Mmemdekeza. Mtoto mmoja kama yai! Huyo dawa yake kiboko."

"Shangazi mtu," mke wangu akamwambia taratibu, "ukimgusa tu, mimi na wewe basi."

Hospitali ya kwanza wakatuambia ni woga wa daktari wa meno, utaisha. Jirani akatuambia mtoto amerogwa, na anamjua mganga wa kumtibu. Mimi nilikuwa nimechoka mbaya, ningekwenda popote. Mke wangu alikataa kata kata.

"Sijui ana nini," alisema. "Najua tu kwamba huyu si mwanangu, na mwanangu yumo humohumo ndani."

Tulipofika kwa daktari wa watoto, mbavu zilikuwa zinahesabika. Daktari mwenyewe kijana mpole, kila akitaka kusema jambo zito anavua miwani.

"Kabla ya haya aliumwa nini?"

"Jino tu."

Akavua miwani.

Akatueleza kwamba mwili una askari wake wa kupambana na vijidudu. Kwa watoto wachache sana, askari hao wanachanganyikiwa. Vita vikianza, kwenye koo, kwenye jino, popote, wanageuka wanashambulia ubongo wa mtoto mwenyewe. Mtoto analala mzima, anaamka na woga, na hasira, na mambo ya kurudiarudia.

"Si jeuri," alisema. "Na hakuna mtu aliyemfanyia kitu. Ni ugonjwa."

"Unapona?"

"Wengine wanapona. Wengine unaondoka, unarudi. Sisi madaktari wenyewe bado tunabishana juu yake, nisikudanganye."

Mke wangu alilia pale pale. Si kwa huzuni, ndugu zangu. Ni vile mtu hatimaye alikuwa ameuita mzigo wetu kwa jina.

Chiriku akaandikiwa dawa za vijidudu, dawa za kutuliza ule moto wa mwilini, na mama mmoja mshauri wa watoto akawa anakaa naye kumfundisha kupambana na ule woga. Polepole mno. Asubuhi moja tukasikia jikoni:

"Mama, mbona hii chai haina sukari?"

Mke wangu akaweka kijiko chini, akatoka nje, akajifunika uso na kanga. Chiriku alikuwa amerudi. Siku hiyo aliongea mpaka nikamwomba apumzike, halafu nikamwomba aendelee.

Laiti ingeishia hapo.

Meno ya mtoto hayasubiri. Mwaka uliofuata jino jingine likatoboka. Safari hii tulijipanga. Daktari wa watoto na daktari wa meno wakazungumza wao kwa wao, dawa zikaanza mapema, kila kitu kikafuatwa. Kwenye kiti mambo yalikwenda shwari. Daktari wa meno alifanya kazi safi kabisa, sina la kumlaumu mpaka kesho.

Tulianza kupumua. Halafu Chiriku akaanza kupepesa macho.

Na safari hii ugonjwa ulikuja na hasira. Asubuhi moja mama yake alikuwa anamimina chai. Chiriku akauliza swali lake, mama akajibu, jibu likakosa sauti aliyoitaka. Nilichoona ni birika hewani.

Chai yote iliishia kwenye mkono wa mke wangu, kutoka kiwiko mpaka vidole.

Hakupiga kelele. Alisema, "Sijambo, sijambo, sijambo," huku ngozi inababuka, mpaka akakaa chini. Chiriku alisimama anamtazama, uso mkavu, kama anaangalia kitu kilichotokea nyumba ya pili.

Safari hiyo alichukua muda mrefu zaidi kurudi. Aliporudi, hakuuliza mama amefanya nini mkono. Hakuuliza hata mara moja. Tukajua hakumbuki, na tukashukuru kwa hilo. Mke wangu akaanza kuvaa mikono mirefu, hata jua likiwaka namna gani. Birika tukaliondoa. Hatukulitaja tena.

Kikaja kipindi kizuri. Kizuri kweli. Chiriku anakula, analala, anakwenda shule. Alikuwa mtoto mwema kupita kiasi. Anafagia bila kuambiwa. Anambebea mama yake mkoba. Maneno yamepungua kidogo, tukasema basi, anakua, atakuwa mtu mzima lini kama si sasa?

Kila jioni mama yake alimuuliza.

"Meno hayaumi?"

"Hayaumi, mama."

"Kweli?"

"Kweli."

Halafu ugonjwa ukarudi kwa mara ya tatu.

Huu sasa sina maneno yake. Ile ya kwanza na ya pili zilikuwa manyunyu. Hakula. Hakumeza. Alijikuna mpaka damu. Alikuwa anagonga kidevu kwenye ukingo wa kitanda, kwa mpigo uleule, kama saa. Na kitu kipya: hakutaka mama yake aingie chumbani. Yule aliyekuwa analia mama akitoka, sasa analia mama akiingia.

Daktari wa watoto akatafuta chanzo. Koo safi. Masikio safi. Damu ikapimwa, ikaonyesha mwilini kuna vita, lakini vita viko wapi?

"Meno?"

"Hajalalamika jino," mke wangu akasema. "Namuuliza kila siku."

Mdomo hakuufungua kwa daktari yeyote. Wakaamua kumlaza kwa dawa ya usingizi ili daktari wa meno aangalie. Sisi tukakaa kwenye benchi la nje, lile la chuma, baridi kama moja ya mashine zangu.

Daktari wa meno alitoka bila ucheshi wake. Mkononi ana kisahani. Kwenye kisahani kuna vidonge vya pamba, vyeusi, vimeshikana.

"Nimevikuta ndani ya jino," akasema.

"Pamba? Nani aliweka?"

"Mwenyewe. Amekuwa akiziba tundu. Moja juu ya nyingine. Usaha umeshuka mpaka kwenye mfupa wa taya." Akaweka kisahani benchini. "Hili si la juzi. Mtu mzima angelia barabarani. Sijui huyu ameishi nalo vipi."

Tukatazamana mimi na mke wangu.

Chiriku alipoamka nilikuwa peke yangu pembeni ya kitanda. Mama yake alikwenda kutafuta maji. Sijui ilikuwa ile dawa ya usingizi bado imo kichwani, au ni huruma tu ya Mungu, lakini kwa muda mfupi alinitazama yeye mwenyewe. Chiriku wangu. Macho yake yale.

"Limetoka?" akauliza.

"Limetoka. Kwa nini hukusema, mama? Lilikuwa linauma."

"Lilikuwa linauma sana."

"Sasa kwa nini?"

Akaangalia mlango kwanza.

"Mngenipeleka. Halafu ningekuwa yule tena."

"Yupi?"

"Aliyemmwagia mama chai."

Ndugu zangu, nilishika chuma cha kitanda.

"Unakumbuka?"

"Nakumbuka yote, baba. Nakuwa nimo ndani, naona. Niliuambia mkono uache. Mkono haukunisikia."

Nikataka kumwambia kitu. Baba anatakiwa awe na kitu cha kusema wakati kama huo. Nikaishia kumvutia shuka.

"Mama asikae karibu," akasema. "Mwambie."

Nilipogeuka, mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na chupa ya maji. Alikuwa amesikia. Akakunja mkono wa gauni lake taratibu, kovu lote likawa nje, akasogea kitandani ili amwonyeshe kwamba haliumi.

Chiriku akaanza kupiga kelele. Hakunyamaza mpaka mama yake alipotoka.

Basi. Hiyo ndiyo siri tuliyoishi nayo mezani, tukipishana nayo, sisi tukidhani tunamlinda yeye, na yeye ameuma meno, kwa maana halisi ya neno, akimlinda mama yake.

Mngependa niwaambie kwamba jino lilipotoka ugonjwa nao ukatoka. Haukutoka. Usaha umeisha, taya limepona, dawa nzito zimepita mishipani mara kadhaa, na Chiriku hajarudi kama alivyorudi zile mara mbili. Daktari wa watoto alivua miwani akaniambia, "Sijui kama atarudi mzima. Huenda. Nasema huenda." Namshukuru kwa kutonidanganya, ingawa kuna siku ningelipa kwa damu yangu nidanganywe.

Sasa hivi anakula kidogo, kwa mkono wangu tu. Kibanda nafungua nusu siku. Mama yake anakaa ukumbini, nyuma ya mlango wa chumba, anamsimulia mambo ya chekechea: nani kamwaga rangi, nani kalala darasani. Kimya kinajibu. Anaendelea. Mwanamke aliyezaa chiriku amegeuka yeye kuwa chiriku, anaongea na ubao wa mlango.

Jana nilikuwa namlisha. Akaushika mkono wangu, akauzuia.

"Baba. Hili linacheza."

Akagusa jino la mbele.

Nikarudisha chakula sahanini. Maana najua linaweza kuja na nini. Na yeye anajua, alikuwa anaogopa kuliko mimi. Lakini kasema. Hakuna aliyemuuliza, kasema mwenyewe.

Mzazi mwenzangu, kama una mtoto wa namna hii, sina dawa ya kukupa. Nina hili moja. Ule mshindo ukipita, ukifuta sakafu na kuondoa vyombo vilivyovunjika, usiseme hakumbuki. Kaa naye mlizungumze jambo hilo, kwa jina lake, jinsi lilivyotokea. Mwambie ni ugonjwa uliofanya, na mwambie mapema, kabla hajatafuta mwenyewe namna ya kuwakinga ninyi dhidi yake.

Sisi tumechelewa. Wewe pengine bado.

Wiki ijayo tunakwenda kwa daktari wa meno. Dawa zimeanza. Sitegemei chochote, nimeacha kutegemea. Leo mchana ameniuliza nani atamshika mkono kwenye kiti. Nimemwambia, "Mama yako anaomba awe yeye."

Hakupiga kelele.

Hakukubali pia. Amegeukia ukutani, na mpaka sasa hajanipa jibu.