Zebaki ya Jiwe Langu

Jamani, leo sina pa kuuweka uso wangu.

Jana si nliwatangazia hapa kuwa nimegundua madini mapya, salfa na zebaki ndani ya jiwe moja? Sahauni.

Asubuhi mwalimu wetu wa jiolojia kaliosha jiwe, kalipima tena kwa mashine. Salfa ipo. Zebaki hamna!

Kanigeukia. "Ulilishika bila glavu? Hebu lete mkono."

Mashine ikapima kiganja changu. Zebaki tele.



Imetoka kwenye krimu nnayojichubulia. Na mimi ndiye nliyewaapia kuwa weupe huu ni wa singo tu, ile ya kujisugua ya maandalizi ya harusi!

Sasa mama kanipigia kutoka Jambiani. Keshawaambia wakulima wenzake wote wa mwani. Anauliza jiwe langu litaitwaje.

Nimjibu nini?