Bunju Aliyenukia Harusi

Haya nayaandika kwa Kiswahili cha babu, kile alichokuwa akiandikia barua zake za biashara, kwa sababu moja tu: mama mdogo hakisomi. Nyumbani kwake Mahabibo, mtaa wa Mahajanga, tunasema Kikomoro, nje Kimalagasi, darasani Kifaransa. Daftari hili likisahauliwa barazani, atakayeliokota ataona maneno mawili matatu ya dini na ya bahari, halafu atalirudisha. Nami nina mambo ya kusema juu ya mama mdogo na mafuta yake.

Bendera yetu ilikuwa bado mpya, haijapauka, pale mwalimu wa michezo alipotangaza kwamba wavulana sita watapelekwa Nosy Be kwa sikukuu ya uhuru, wakashindane mbio na wanafunzi wa kule. Nauli ya meli juu ya shule. Wenzangu walifurahia meli. Mimi nilifikiria kitu kimoja: mama yuko Nosy Be. Anafanya kazi kwenye mtambo wa kukeneka langilangi, maua yanayochemshwa yatoe mafuta ya manukato, na nilikuwa sijamwona tangu nilipoletwa Mahajanga kusoma. Miezi kumi. Likizo zetu zilikuwa fupi kuliko safari yenyewe.

Kwa hiyo nilitaka kuwa mmoja wa wale sita. Nilitaka mpaka chakula kikanishinda, na wanaonijua wanajua hilo ni jambo kubwa.

Kasoro ilikuwa moja: sikujua kuhema. Miguu ninayo, mirefu tu. Lakini nikikimbia navuta hewa, navuta, navuta tena, wala siitoi. Sababu yake sikumwambia mtu, naiandika hapa: nilikuwa naona haya. Kuhema kuna sauti. Niliona nikihema kwa nguvu watu watanigeukia, waseme, angalieni yule anavyokoroma. Basi naibana. Mashavu yanavimba, macho yanatoka, na nikifika kona ya duka la viatu nainama nimeshika magoti. Wenzangu wakaniita Bunju, yule samaki anayejijaza upepo akiguswa. Aliyelitunga jina alikuwa kijana wa dawati la mbele yangu, mrefu, mwenye mdomo usiofungwa hata kwenye mtihani.

Nilimpelekea mama habari za mbio na za pumzi yangu kupitia dereva wa lori anayekwenda mpaka Ankify, kwenye gati la maboti ya Nosy Be. Baada ya wiki tatu dereva akarudi na vichupa viwili na maagizo, maana mama haandiki. Alisimama mlangoni akamsomea mama mdogo kutoka kichwani, kidole juu:

“Mkaratusi ni wa pumzi. Tone moja kwenye leso, anuse kabla ya kukimbia, si wakati wa kukimbia. Langilangi ni ya kulalia. Tone moja kwenye mto, moyo utulie. Asipake mwilini. Na aambiwe akumbuke jinsi tunavyopuliza moto.”

“Nimesikia,” alisema mama mdogo, akapokea vichupa.

Alisikia, sikatai. Lakini mama mdogo kazi yake ni kusinga maharusi. Mahabibo nzima, msichana akiolewa, ni yeye anayeitwa na bakuli lake la liwa na mafuta, amsugue mpaka ang'ae. Mkono wake haujui kushika mafuta mazuri kisha ukatoa tone moja. Mtu unamwambia tone, yeye anasikia kijiko.

Siku ya mchujo ilikuwa Jumamosi. Asubuhi nilimkuta amekunja mikono ya gauni.

“Vua fulana, baba.”

“Mama mdogo, leso tu inatosha. Dereva alisema…”

“Dereva ni fundi wa lori. Mimi ni fundi wa ngozi. Vua.”

“Na mkaratusi?”

“Ule unanuka hospitali. Nimepaka magotini kwangu, nimelala kama mtoto.” Akafungua kichupa cha langilangi, akanusa, akafumba macho. “Hii sasa. Hii itafungua kifua mpaka mgongoni.”

Kichupa kizima kiliingia kwenye bakuli la mafuta ya nazi. Akanisinga kifua, mgongo, shingo, na nyuma ya masikio, huku akiimba zile nyimbo zake za kazini. Alipomaliza akaleta fulana yangu ya michezo. Alikuwa ameitandaza juu ya chetezo tangu alfajiri, imefukizwa udi mpaka imebadilika rangi.

“Ukikosa kushinda,” akasema, “angalau utanukia.”

Mwanzo wa mbio nilijipanga pembeni kabisa. Haikusaidia. Jua lilikuwa limekwisha kuwasha, na langilangi ikipata joto haina siri. Kijana wa mdomo wazi aligeuka, akanusa kushoto, akanusa kulia, akanifikia mimi.

“Jamani! Nani kaleta bibi harusi?”

“Ni Bunju!”

“Bunju anaolewa leo!”

Mwalimu akapiga filimbi, alhamdulillahi.

Njia ilikuwa kutoka shuleni, kupita Mahabibo, kushuka hadi barabara ya pwani na kurudi. Tulikuwa kama thelathini. Jambo la ajabu ni kwamba hakuna aliyetaka kukimbia nyuma yangu. Waliokuwa nyuma walilalamika kichwa kinawauma, wakarudi nyuma zaidi. Mmoja alisimama akatapika chai yake yote ukutani kwa mtu. Mimi mwenyewe nilikuwa nimebana pumzi kama kawaida, na ndani ya kile kifua kilichobanwa mlikuwa na harufu ya maharusi kumi. Kona ya duka la viatu ikaonekana. Magoti yakaanza kudai yashikwe.

Sasa, mtaa ule siku ile ulikuwa na harusi kweli. Wanawake wamejipanga nje na mashiromani yao, zile shuka za kujitanda, wanamngoja bwana harusi, mgeni ambaye wengi hawajawahi kumwona sura. Walichokuwa wanakijua ni harufu, kwa kuwa bibi harusi alisingwa na mama mdogo jana yake kwa mkono uleule, na bwana naye akapelekewa mafuta ya namna ileile. Nikatokea. Kabla sijafika, harufu ilifika.

Kigelegele kimoja. Viwili. Mtaa mzima.

Yule kijana wa mdomo wazi, aliyekuwa mbele yangu hatua chache, akageuka akipiga kelele: “Ndiye huyo bwana harusi! Anatoroka! Mshikeni!”

“Anatoroka na kaptula?” mmoja akauliza.

“Mshike kwanza, tutauliza baadaye!”

Bibi mmoja mnene akatanua shiromani njiani kama mtu anayezuia mbuzi. Nikampita chini ya kwapa. Wengine watatu wakanifuata, wakipiga mayowe na kucheka, ndala zikilia pa! pa! pa! Sijawahi kutazamwa na watu wengi hivyo maishani mwangu. Na hapo, katikati ya aibu ile, nikagundua kwamba nilikuwa sina tena cha kuficha. Mtu ambaye mtaa mzima umempigia vigelegele akiwa na kaptula, ataona haya kuhema?

Nikakumbuka moto. Mama na mimi tulikuwa tukipuliza kuni chini ya mtambo kwa mwanzi. Mtoto anapuliza fupifupi, anapata kizunguzungu, anakaa chini. Mama alinishika tumbo akasema, “Toa mpaka uishe. Kuvuta usikushughulikie, kutakuja kwenyewe.”

Nikatoa. Hfuuuu! Ilitoka na sauti kama ya meli. Mbwa wa mtu akakimbia. Hewa ikaingia yenyewe, baridi, mpaka chini kabisa. Nikatoa tena, hatua nne natoa, hatua mbili naacha iingie. Duka la viatu likapita. Nililiona likipita!

Nyuma, kutoka pale harusini, nikasikia sauti ya mama mdogo, iliyozoea kupenya ngoma: “Mwacheni huyo! Ni mwanangu! Anakwenda kwa mamake!”

Wanawake wakaacha kunifukuza wakaanza kunishangilia, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi, lakini nilikuwa nimeshakwenda.

Barabara ya pwani niliwapita watu ambao sikuwa nimewahi kuiona migongo yao karibu hivyo. Karibu na lango la shule nilikuwa wa saba. Wa sita alikuwa kijana wa mdomo wazi. Nilipomfikia ubavuni alivuta hewa ndefu anitukane, akaivuta langilangi yote ile, akaanza kukohoa. Alikohoa hadi mstari. Mimi nilikuwa nimekwisha upita, hfuuu, hfuuu, nikisikika hadi ofisi ya mkuu wa shule.

Hakuninunia. Aliniambia tu, “Bunju, wewe si mkimbiaji. Wewe ni moshi.”

Meli ilitufikisha Nosy Be. Nilikuwa nimeoga mara tatu kwa sabuni ya kufulia, harufu bado ipo, na nilikuwa nimeandaa maelezo ya kumpa mama. Alikuwa amesimama bandarini na nguo za kazi, mikono nyeusi kwa masizi. Akanikumbatia, pua yake shingoni kwangu kabisa. Nikangoja.

Hakusikia harufu yoyote. Nilikuwa nimesahau kwamba watu wa mtambo pua zao zimekwisha izoea langilangi, hawaisikii tena hata wakiogeshwa nayo.

“Ulitumia tone moja?” akauliza.

“Moja,” nikasema. Dhambi hiyo ni yangu, si ya mama mdogo.

“Na mkaratusi ulikufaa?”

“Sana.” Nikafikiria magoti ya mama mdogo. “Sote nyumbani ulitufaa.”

Siku ya sikukuu nilikimbia nikawa wa mwisho kabisa, maana watoto wa Nosy Be wanapanda vilima tangu wazaliwe. Lakini sikusimama hata mara moja, wala sikushika magoti. Mama alikuwa kando ya njia, na anasema alinisikia nikija kabla hajaniona.