Zamu ya Trekta Kasoli

Msimu ule trekta lilipotufikia Kasoli likitokea Bariadi mjini, wa kwanza kwenye zamu alikuwa shemeji yangu, mdogo wa mume wangu. Shamba lake la pamba lilihitaji siku mbili kulimwa. Langu, lililofuata, lilikuwa la asubuhi moja tu. Shida ni kwamba ndugu zangu wa Kimali walikuwa wameshafika kunisaidia kupanda, nao walijazana uani wakisubiri ardhi ilimwe, na wakisubiri ugali.

Nikamfuata shemeji kulipokucha, nikamsalimia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, shemeji. Naomba nitangulie."

"Mwangaluka. Utangulie kwa nini? Mimi ndiye niliyewahi."

"Kweli uliwahi. Lakini ukianza wewe, watu wangu wanakaa siku mbili bure. Nikianza mimi, wewe unapoteza asubuhi tu. Tunaokoa kazi nyingi."

"Unaokoa wewe," alisema.

"Basi asubuhi yako nitakufidia. Watakupandia mpaka mchana."

Alicheka. "Bila nafasi yangu huokoi kitu. Nipe watu wako siku zote mbili."

"Na bila watu wangu, wewe unaokoa nini?"

Akakuna kidevu. Jirani aliyekuwa wa tatu akaja mbio, hofu imemjaa, akidhani tunamsogeza nyuma. Dereva akamwambia tukibadilishana sisi wawili, yeye haguswi. Trekta litamfikia saa ileile. Akashusha pumzi, akakaa kusikiliza.

"Haya," shemeji alisema mwishowe. "Kwanza nifidie asubuhi yangu. Kinachobaki katika siku mbili hizo, nusu wafanye kwako, nusu kwangu."

Tukapeana mikono. Kufikia mchana shamba langu lilikuwa limelimwa, na jioni mbegu zote zilikuwa ardhini. Kesho yake wageni wangu wakahamia kwa shemeji, wakivuta kamba za mistari nyuma ya trekta na kuimba mpaka dereva akazima injini ili asikie.

Ilipofika zamu ya nusu yangu, niliwapa kazi ya kujenga upya zizi la ng'ombe. Walifanya kwa haraka ya ajabu. Kumbe walikuwa wanasikia nyimbo za akina shemeji waliobaki wakipanda kule shambani! Wakaomba ruhusa warudi. Nikawaruhusu, kisha na mimi nikajifunga kanga kiunoni nikawafuata. Shemeji aliponiona alipiga kelele za furaha, akamtuma mkewe akachinje mbuzi.