Mnana Aliyengoja Salamu

Likizo ya masika nilikuwa kwa babu, Chanzuru. Nikamsaidia mtafiti mmoja, dada wa chuo kikuu aliyepanga chumba Mikumi. Nilimwita madam. Alikuwa anapima damu ya minana, wale ndege wanaofuma viota vya kuning'inia, wakati wanalea. Aliniambia ndege akihangaika kulisha makinda, mwili wake unatoa sumu, kama jiko linavyotoa moshi, na nguvu ya kuifuta sumu hiyo ndiyo hiyohiyo ya kulea. Akizidiwa anachagua: watoto au yeye.

Kazi yangu ilikuwa moja tu, kulinda wavu. Ndege akinasa, nimwite madam mara moja, maana damu ilitakiwa itolewe ndani ya dakika tatu, kabla hofu haijaingia humo.

Asubuhi moja mnana jike alinasa. Nilimjua, kiota chake kilining'inia juu ya mfereji, kina makinda watatu. Nikakimbia nyumbani. Babu ndiyo kwanza alikuwa anatoka nje, madam ameinama anamwamkia.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Mikumi hawajambo? Na tembo wenu?"

"Tembo wa serikali hao, babu."

"Basi iambieni serikali ifunge zizi lake."

Wakacheka. Kwetu mtoto hakati salamu ya wakubwa. Lakini nisisingizie adabu. Ningeweza kukohoa, ningeweza hata kumgusa madam mkono. Niliona aibu kutazamwa, basi. Nikasimama, mikono nyuma, babu akaulizia wazazi wa madam, akaulizia mvua, akafika mpaka kwenye mpunga wa Kimamba.

Tulipofika, mnana alikuwa amelegea kwenye nyuzi, mdomo wazi.

"Ana muda gani hapa?"

"Sasa hivi tu, madam."

Akamtoa damu, akaandika dakika mbili.

Tulimwachia, akaruka chinichini kama mwenye kubeba mzigo. Hakurudi kiotani. Siku ya tatu makinda wote walikuwa wamekufa.

Madam alisoma daftari lake, akasema, "Huyu nadhani alishachoka kabla hatujamshika. Wengine huamua mapema kujiokoa."

Nikaitikia, eti ndiyo.

Jana nimempigia simu. Nilikuwa nimejiandaa, maneno yote nimeyaandika nyuma ya daftari la Biolojia.

"Shikamoo, madam."

"Marahaba, mdogo wangu. Shule inaendaje?"

"Nzuri."

"Babu?"

"Hajambo."

"Haya, ulikuwa unasemaje?"

"Nilikuwa nakusalimia tu."