Mashahidi Wanane wa Swichi Yangu

Jamani, hii nawasimulia kwa sababu mtaa wetu mzima wa Gitega mmeshaisikia kwa midomo ya wengine, na kila anayeisimulia anaongeza chumvi yake, mara nilizimia, mara nilitolewa nje na askari wa mlangoni (sikuzimia, na nilitoka kwa miguu yangu mwenyewe), kwa hiyo ni afadhali mwenye aibu yake aiseme. Aibu niliipata, sikatai. Wiki tatu zimepita na bado nikipita upande wa Kiyovu, kwenye ofisi yao ya hataza, najivuta mtandio mpaka machoni.

Kazi yangu mnaijua, natengeneza kompyuta, na hasa kibodi, kwa sababu majirani wa kibanda changu ni wapiga taipu, wale akina mama wanaowaandikia watu barua na maombi ya kazi, na Kinyarwanda kinaua kitufe cha A kuliko lugha yoyote niijuayo, neno moja tu lina A tatu au nne. Wapiga taipu wangu wanapenda kibodi nzito za zamani, zile ambazo kila kitufe kina swichi yake chini, na swichi ikifa ilinibidi nifungue kibodi yote, niyeyushe risasi ya kulehemia, niing'oe, nilehemu nyingine, nusu siku imekwenda na mteja amekaa mbele yangu anapumua kwa hasira. Basi nikabuni soketi. Ni kidude cha shaba, kidogo kuliko punje ya mchele, kinachoingia kwenye matundu yale yale ya zamani, na ukishakiweka, swichi unaichomeka tu kama unavyochomeka pasi ukutani, ikifa unaichomoa kwa vidole na kuchomeka nyingine, mteja hajamaliza hata kukaa. Siku ilipokubali kwa mara ya kwanza nilicheza peke yangu kibandani mpaka jirani akagonga ukuta.

Mwenye karakana moja ya kuunganisha kompyuta kule Masoro akaiona. Akaichomeka, akaichomoa, akaichomeka, akaichomoa, kama mtoto aliyepewa filimbi, halafu akaniambia, "Zulfa, hii nitaitengeneza kwa maelfu, na meza ya kuitengenezea utaisimamia wewe. Lakini niletee hataza kwanza, bila hataza sitii sahihi." Hataza ni ile karatasi ya serikali inayosema kitu hiki amekibuni fulani, mwingine asikitengeneze bila ruhusa yake (wazee wetu wanaiita breve). Nilikuwa naiota karatasi hiyo hata nikiwa macho. Mwezi wa tisa mwaka jana nikapeleka ombi, nikangoja, nikangoja, mpaka mwezi uliopita ikaja barua ya mkaguzi.

Ilikuwa ya kurasa tatu. Ukurasa wa kwanza ulisema wamekuta mchoro wa kampuni ya ng'ambo, umetangazwa mwezi wa nane mwaka juzi, nao ni wa soketi ya swichi inayochomekwa. Mimi hapo hapo damu ikanichemka. Kwamba nimeiba? Mimi? Nilisimama, nikakaa, nikasimama tena, na kurasa mbili zilizobaki sikuzisoma, nilizikunja nikazitia kwenye mkoba (hilo ndilo kosa lenyewe, nyie mcheke tu, yote yaliyofuata yametoka humo), nikaenda moja kwa moja kwa Mzee Ramadhani.

Mzee Ramadhani ni fundi cherehani, lakini pia ni mmoja wa wapatanishi wa mtaa wetu, hawa tunaowaita abunzi, watu wakigombania ukuta au njia ya maji wanakwenda kwake. Alisikiliza huku sindano iko mdomoni, kisha akaitoa. "Mwanangu, hii kesi ni nyepesi. Watu wawili wanadai shamba moja. Tunauliza nini? Nani alianza kulilima, na nani alimwona akilima. Wewe lete mashahidi."

"Wangapi, Mzee?"

"Wengi."

Na ilinipendeza, nisiwadanganye, ilinipendeza sana! Kwa siku nne nilizunguka Gitega yote nikiwakusanya wateja wangu wa mwanzo, na wote walifurahi kama wanaalikwa harusini, na kama wanaalikwa harusini ndivyo walivyovaa. Asubuhi ya siku ya kwenda kwa mkaguzi Kiyovu walinisubiri barabarani wanane, wanawake wamefunga mishanana, yale mavazi yetu ya sherehe ya bega moja, Mzee Ramadhani kanzu nyeupe na koti, na Mama Fiston, yule mpiga taipu wangu wa kwanza kabisa, amekumbatia kibodi yake iliyofungwa kwenye kitambaa cha meza. Nilijiona mtu mkubwa. Nilitembea mbele.

Mkaguzi alikuwa Bwana Kalisa, mtu mpole, amekulia Tanzania, Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu. Alitegemea mtu mmoja mwenye karatasi. Aliona msafara. Chumba chake kina viti viwili, kwa hiyo waliobaki walisimama mpaka koridoni na mlango ukabaki wazi, na koridoni kulikuwa na foleni ya watu wengine waliokuja na mambo yao, ambao kwa nusu saa iliyofuata walisahau mambo yao kabisa.

"Dada Zulfa," akasema, "majibu ya barua yangu unayo?"

"Majibu yangu ni hawa," nikasema, nikawaonyesha kwa mkono. (Nikikumbuka ule mkono nataka kuukata.) "Hao wa ng'ambo wametangaza mwezi wa nane. Mimi soketi yangu ilikuwa inafanya kazi Gitega tangu mwezi wa tatu, mwaka huo huo. Andika, Bwana mkaguzi!"

Pembeni kulikuwa na binti mwenye kompyuta, kazi yake kuandika kila kinachosemwa. Akaanza kuandika. Bwana Kalisa akavua miwani.

"Mwezi wa tatu mwaka juzi. Una uhakika?"

"Uhakika? Mama Fiston, njoo."

Mama Fiston akaifungua ile kibodi polepole, akaigeuza, na kwa chini kulikuwa na mwandiko wangu mwenyewe, kwa wino mweusi, jina langu na tarehe, kama ninavyofanya kwa kila kazi ili mteja asije akanidai dhamana iliyokwisha. Mwezi wa tatu, mwaka juzi. Watu wa koridoni wakasema "Eeeh!" na mimi nikainua kidevu.

Nataka mjue kwamba yule mkaguzi alijaribu kuniokoa. Sasa ndiyo naliona hilo. Akainama mbele, akamwambia Mama Fiston kwa sauti ya taratibu sana, "Mama, labda yeye alikupa uijaribu tu, siyo? Labda alikuomba usimwambie mtu, iwe siri kati yenu?"

"Siri?" Mama Fiston akaona anatukanwa. "Siri ya nini, sha? Mimi iko natumia hii klavye mbele ya watu wote! Kila mutu anakuja kupigisha taipu namuonyesha, angalia, natoa A, narudisha A. Nimeambia Gitega yote, nimeambia mpaka kwa dada yangu kule Huye. Kweri kabisa!"

"Umesikia?" nikamwambia mkaguzi. "Gitega yote."

"Nimesikia," akasema, na akatazama dari.

Akasema pengine tuishie hapo, inatosha. Mimi nikasema haitoshi, wapo saba wengine, wameacha kazi zao. Akaja Hajji Sudi muuza duka, akasema yeye alinunua kwangu kibodi yenye soketi hiyo mwezi wa nne na kuiweka kaunta, na yeyote aliyetaka aliichungulia. Akaja binti yake akasema aliipiga picha akaituma kwa wanafunzi wenzake. Kila shahidi akimaliza wenzake wanapiga makofi, na watu wa foleni, ambao hata hawatujui, nao wanapiga makofi, na yule binti wa kuandika vidole vinakimbia. Nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuipata tangu nizaliwe.

Mwisho akasimama Mzee Ramadhani. Akakohoa kwanza, kama anavyofanya kwenye baraza lake.

"Mheshimiwa, mimi nitasema jambo moja. Mwaka ule ule, baada ya ile kazi ya pamoja ya umuganda, tulipokwisha kuzibua mitaro, tulikaa mkutanoni uwanjani. Huyu mtoto akasimama mbele yetu sote, akatoa hicho kidude, akatufundisha kinavyotengenezwa, tangu kukata shaba mpaka kuipinda. Uwanja mzima ulielewa. Hata mimi na uzee wangu leo hii naweza kukitengeneza."

Jamani, walishangilia! Wanawake wakapiga vigelegele, mlinzi akapanda ngazi kuja kuona kuna nini, na mimi nilikuwa nimeshika kifua, machozi yananilenga, nikisema moyoni, Masoro hiyo, meza yangu hiyo.

Bwana Kalisa alingoja kelele zitulie. Halafu akauliza, "Barua yangu uliisoma mpaka mwisho?"

Akaichukua nakala yake, akafungua ukurasa wa tatu, akanisomea. Ilisema mchoro wa ng'ambo unahitaji kibodi mpya iliyotengenezwa maalumu, ila soketi yangu inaelekea kuingia kwenye matundu ya kibodi za zamani, na kama ni hivyo nieleze tofauti hiyo kwa maandishi, nusu ukurasa unatosha.

"Ungeniandikia hiyo nusu ukurasa," akasema, "nilikuwa tayari kukubali."

"Sasa si ukubali tu?"

"Dada yangu, hataza inapewa kitu ambacho watu walikuwa hawakijui. Sheria inakusamehe ukikionyesha mwenyewe ndani ya mwaka mmoja kabla ya kuleta ombi. Wewe ombi umelileta mwezi wa tisa mwaka jana. Mashahidi wako wanasema Gitega yote ilikuwa inakijua mwaka mmoja na nusu kabla." Akamtazama yule binti wa kuandika. "Na imeandikwa, siwezi kujifanya sikusikia."

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokifanya. Nimewapandisha kilima watu wanane wamevaa nguo za harusi waje kuiua hataza yangu, mmoja mmoja, kwa maandishi, na nikawapigia makofi. Na hapo hapo Mama Fiston akaniinamia, akauliza kwa sauti ambayo yeye anadhani ni ya kunong'ona:

"Kwa hiyo tumeshinda?"

Sijui nani alianza kucheka kule koridoni. Wakacheka wote, mlinzi naye, na yule binti akajificha nyuma ya kompyuta yake. Mimi nilitaka kulia, kulia kweli, kwa sababu nilimwona akilini yule bwana wa Masoro akilifunga faili langu. Nikakusanya mkoba wangu, nikasimama.

"Kaa kwanza," Bwana Kalisa akasema. "Nikuulize kitu. Tangu ulipoleta ombi, kuna chochote umekiongeza kwenye soketi hiyo ambacho hujamwonyesha mtu yeyote? Kilicho kipya kabisa?"

Mungu wangu! Kilikuwepo! Kilikuwa hapo hapo, mfukoni mwangu, nimekimaliza Ijumaa, na kilikuwa kizuri kuliko ile soketi ya kwanza mara mbili! Niliruka kwenye kiti, nikatia mkono mfukoni, nikageukia mlangoni ili wote waone, "Kipo! Ngojeni niwaonyeshe, hiki hapa kina..."

Alipiga meza kwa kiganja mpaka kalamu zikaruka. "Nyamaza!"

Yule mtu mpole. Jengo zima lilinyamaza pamoja na mimi.

"Nimekuuliza kipo au hakipo," akasema, anahema. "Kwani nimekuuliza kina nini? Toa mkono mfukoni. Nenda nyumbani, kiandike, uniletee ombi jipya, na kabla ya hapo usimwonyeshe mtu. Usimwonyeshe hata paka."

Nilitoka mkono umekaza mfuko mpaka Gitega. Wote wanane waliniuliza njiani, na Mzee Ramadhani aliniuliza mara ya mwisho kabisa, mlangoni kwangu, uso umemshuka. "Hata mimi, Zulfa? Nimekuona ukiwa unatambaa."

"Hata wewe, Mzee. Nisamehe."

Tangu siku hiyo hanisalimii vizuri, na Mama Fiston amepeleka kibodi yake kwa fundi mwingine, na mimi usiku na mchana naandika. Bwana wa Masoro nilimwambia ukweli wote. Alicheka mpaka akakaa chini, kisha akasema faili hajalifunga, atangoja. Ombi nimelimaliza jana. Kurasa kumi na moja, na barua yoyote itakayokuja nitaisoma mpaka sahihi ya chini, nawaapia. Nalipeleka Jumatatu asubuhi.

Na sasa naona mmesogeza viti. Naona na wewe Hajji umeacha kunywa chai. Leo ni Jumamosi, jamani. Ulimi unaniwasha tangu nilipoanza kusimulia, na kidude chenyewe nimekikalia. Njooni Jumatatu saa sita.