Gitaa la Besi Lisilokazwa Skrubu Zote

Habari ya msiba ilinikuta kwa kinyozi hapa Masasi mjini, kichwa kimenyolewa upande mmoja, upande wa pili bado msitu. Simu ikaita. Alikuwa mwanakwaya mmoja wa kanisa la Lulindi, sauti imemkauka: "Shikamoo baba. Mzee wa besi ametutoka alfajiri." Nikamwomba kinyozi asimamishe mashine, kitambaa chake bado shingoni. Nilipomweleza aliyefariki ni nani, kinyozi huyo, ambaye hasali Lulindi wala hajawahi kuimba kwaya, akauliza swali lile lile nililokuwa najiuliza: "Sasa lile gitaa atabaki nalo nani?" Wasomaji wangu, mtu akifa, watu wakaulizia kitu alichokitengeneza kabla ya kuulizia mikorosho yake, jueni kitu hicho kina habari zake.

Marehemu alikuwa mkulima wa korosho, mpole wa maneno lakini mbishi sijapata kuona. Gitaa la besi alilinunua msimu mmoja korosho zilipokubali, na alichagua lile la chini kabisa dukani, lile ambalo muuzaji mwenyewe hulitundika nyuma ya mengine. Lilikuwa na kila ugonjwa. Nyuzi zilikaa juu mno, ukizibonyeza vidole vinauma. Vile vyuma vya shingoni vilikuwa na ncha za kukwaruza. Na ukilichomeka kwenye spika, kabla hujagusa uzi wowote, lilinguruma lenyewe, mmmmm, tangu wimbo wa kuingilia mpaka baraka. Mwenyekiti wa kwaya akamshauri alirudishe. "Nilirudishe ya nini?" akajibu. "Gitaa la ghali wameshalimaliza huko huko lilikotoka. Hili wameniachia kazi yangu." Maneno hayo nimeyatafuna miaka mingi na bado yana utamu.

Kazi yenyewe aliifanyia barazani kwake, juu ya meza ya chakula, mkewe akinung'unika. Vyuma vya shingoni alivisugua kwa tupa ya kunolea panga. Nyuzi zilizochakaa alizichemsha kwenye sufuria ya mboga hadi zikarudisha mlio, na mkewe akaapa kwamba kunde za jioni ile zilikuwa na ladha ya chuma. Kile kipande cha plastiki kinachobeba nyuzi pale juu ya shingo alikitupa, akachonga kingine cha mpingo, kutoka kwenye baki alilopewa na mchonga vinyago wa Newala. Ugonjwa wa kunguruma ndio uliomtoa jasho. Fundi redio mmoja hapa sokoni alimwambia avike tundu la ndani la gitaa karatasi ing'aayo ya rangi ya fedha, kelele za umeme zisipate njia. Basi mzee wa watu, asiyejua hata ladha ya tumbaku, akaanza kupita kwenye vilabu vya pombe akiokota pakiti tupu za sigara ili abandue ile karatasi ya ndani. Mnavijua vijiji vyetu! Haikuchukua muda akaitwa na wazee wa kanisa aeleze tangu lini amekuwa mtu wa vilabuni. Akaenda na gitaa lake, akafungua kifuniko cha nyuma, akawaonyesha. Wazee wakachungulia mmoja mmoja, kisha mkubwa wao akasema, "Kumbe hata sigara inaweza kuokoka." Kesi ikaishia hapo.

Lakini kosa lake kubwa lilikuwa la kwetu kabisa, mtu wa Mwanza asingeweza kulifanya hata angetaka. Wadudu walianza kutoboa mbao za gitaa. Sasa mtu wa Masasi akiona mti unaliwa, mkono wake unajua pa kwenda: kwenye mafuta ya maganda ya korosho, yale meusi tunayopaka nguzo za nyumba ili mchwa wasisogee. Akalipaka gitaa mwili mzima, na shingo pia. Mtu aliyekulia kwenye mikorosho, jamani, anayejua tangu utotoni jinsi mafuta yale yanavyobabua midomo na vidole vya mtoto mwenye haraka ya kubangua! Pasaka ile akapiga ibada nzima, na kesho yake mkono wa kushoto umevimba, ngozi inabanduka. Nilipokwenda kumpa pole nilimkuta mkewe yuko kazini kumsema: "Baba huyu! Mafuta hayo yanapakwa nguzo. Kuna mtu anayeshinda ameshika nguzo?" Marehemu akacheka mpaka akaegemea ukuta. Mkono ulipopona akaikwangua shingo kwa msasa hadi ikabaki mti mtupu, akaiacha hivyo, bila rangi wala vanishi, na vidole vikateleza juu yake vizuri kuliko mwanzo. Mwili nao ukabaki na weusi wake wa kupendeza, na wadudu hawakurudi. Wageni wa kwaya walidhani ni gitaa la bei mbaya.

Kile kifuniko cha nyuma kilitaka skrubu nne. Yeye alikaza mbili tu, zilizobaki akaziweka kwenye kikopo cha dawa ya kuchua. Nilimuuliza kwa nini. "Ukikaza zote umesema umemaliza," alinijibu. "Mimi kesho nafungua tena." Huku kwetu tumezoea kulalamika kwamba vitu vinatufikia vya mwisho, na vikifika ni vile vya bei ya chini. Ni kweli, na mimi ni wa kwanza kulalamika, mke wangu ni shahidi. Kitu kikiharibika tunamlaani aliyekiunda, tunakitupa nyuma ya nyumba, tunangoja msimu ujao tununue kingine kama hicho. Marehemu hakuwa na laana mdomoni. Alikuwa na tupa na subira, na kila mwaka gitaa lile lilikuwa jema kuliko mwaka uliotangulia.

Kisha kiharusi kikampiga, mkono wa kushoto ukafa. Nilidhani gitaa nalo limekufa. Kumbe alimwita binti yake, fundi cherehani, mwanamke mtu mzima mwenye nyumba yake, akawa anamfundisha kwa mdomo: weka kidole hapa, achia, haraka ya nini! Wako walionong'ona kwamba besi si kazi ya mwanamke. Walinyamaza walipomsikia. Siku ya maziko mtani wa marehemu alisimama kando ya kaburi akanguruma, mmmmm, halafu akapaza sauti, "Jamani, huyu hajachomoa waya!" Tukacheka na machozi yetu mashavuni. Lakini tulipotawanyika yule binti alinifuata. "Baba mdogo," akasema, "arobaini ikifika, wakilichukua, mimi nitapiga nini?"

Hofu yake ilikuwa na msingi. Wasomaji wa mbali mjue kwamba huku ukoo hufuata upande wa mama, na kwa mila, alichoacha mtu huenda kwa mtoto wa dada yake. Sheria ina yake, kanisa lina yake, na siku hizi wengi huyafuata hayo. Ila ukishakaa kwenye mkeka wa arobaini, mila nayo ina sauti yake, na binti yule hakutaka kugombana na ukoo wa baba yake juu ya kaburi bichi. Mpwa wa marehemu, fundi simu wa Newala, alifika asubuhi ya arobaini kwa pikipiki, vumbi mpaka kwenye nyusi. "Wazee wangu, shikamooni." "Marahaba, mjomba." Mzee wa ukoo akamwekea gitaa miguuni. "Mali ya mjomba wako hiyo. Pokea." Binti akainamisha macho.

Yule mpwa akaligeuza gitaa, akatoa bisibisi mfukoni, akafungua kifuniko. Akaitazama ile karatasi ya fedha, kipande kwa kipande, kwa muda mrefu. "Kumbe mjomba alikuwa fundi," akasema. Akafunga, akakaza skrubu zile mbili, akawa anatafuta nyingine. Hapo mama mjane akanyanyuka, akaingia ndani, akarudi na kile kikopo. "Na hizi zake," akasema. Mwenye kurithi apewe vyote, ndivyo alivyolelewa. Mpwa akakitikisa kikopo, akasikiliza, akamuuliza binti kwa nini hazikukazwa. Binti akamweleza maneno ya baba yake. Kijana akakitia kikopo kwenye mfuko wa shati na kufunga kifungo. "Wazee wangu, mila nimeipokea. Mimi narithi skrubu. Gitaa libaki kwa dada yangu. Siku atakayosema limekwisha, halina tena la kutengenezwa, aje Newala nimpe azikaze." Mzee wa ukoo akamtazama, akatutazama sisi, akapiga mkeka kwa kiganja. "Amerithi," akasema. Vigelegele vikapigwa, na mimi mtu mzima nikalia bila aibu.

Usione vyaelea, vimeundwa. Lakini mzee wa besi amenifundisha zaidi ya hapo: kwamba urithi mwema si kitu kilichokamilika, ni kazi iliyoachwa mahali ambapo mwingine anaweza kuishika. Anayewaachia watoto wake vitu vilivyokazwa kila skrubu, amewaachia vya kutazama tu. Jumapili iliyopita nilikwenda Lulindi, nikamsikia binti akipiga, besi imetulia, haingurumi hata kidogo. Baada ya ibada nikamtania: lini anakwenda Newala kuchukua skrubu zake? Akaligeuza gitaa, akalisogeza sikioni, akakunja uso vile vile kama marehemu.

"Bado, baba mdogo," akasema. "Huu uzi mnene una kasoro. Kesho nafungua."